Tochi Tuliyoiacha Horohoro: Siku Saba Kati ya Tanga, Malindi na Lamu

Alhamisi, Tanga hadi Malindi

Tumetoka nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi, mimi na Mama. Amekaa mbele, mkoba wa vitenge vya zawadi uko mapajani kwa sababu hakutaka uwekwe kwenye buti. Arusi ya binti wa mjomba ni Jumapili huko Malindi, na Mama ameapa kwamba safari hii haendi kwa basi.

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita sitini na kitu za lami nzuri, na anayeijua njia hiyo anaijua na adabu yake. Kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya kibao huenda kuna trafiki amesimama kivulini na tochi. Tochi ndilo jina tulilokipa kipima mwendo. Huyu anakupiga, picha inaruka kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele, na huyo wa mbele ndiye anayekusimamisha na kukuonyesha gari lako, namba zako na 63 yako. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Unapewa namba ya malipo, na usipolipa deni linakungoja kwenye kimashine cha trafiki mwingine, hata uwe mkoa gani. Mguu wangu umeyazoea hayo kwa miaka kumi na moja. Nikiona nyumba tatu zimefuatana unainuka wenyewe kwenye mafuta, kabla sijafikiri. Mabokweni uliinuka. Duga uliinuka.

Siku zote nimeamini kwamba huo ni uangalifu wangu mimi.

Horohoro na Lungalunga siku hizi ni kituo kimoja, hutoki dirisha la nchi hii ukaanza upya dirisha la nchi ile. Tuligongewa pasi, tukapata kibali cha gari, ile kadi ya njano ya bima ya COMESA ikakaguliwa, na saa tatu unusu tulikuwa Kenya.

Sheria haikubadilika sana. Kenya nayo ni 50 penye makazi, 80 kwa matatu, mabasi na malori, na gari dogo kama langu ni 100 kwenye barabara ya njia mbili. Upande wa kuendeshea ni ule ule wa kushoto, vibao vinafanana. Kilichobadilika ni gari la nyuma yangu. Kijiji cha kwanza nilishuka hadi 50, na pikapu iliyokuwa mbali ikaja ikanigandia mpaka nikawa namwona dereva kwenye kioo, anatikisa kichwa. Akapiga honi ndefu, akanipita pale pale mbele ya maduka. Kijiji cha pili ikawa matatu. Cha tatu, lori la mchanga. Hakuna aliyenitukana. Walinipita tu kama unavyompita mtu aliyelala njiani.

Karibu na Msambweni Mama aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tunamkimbia nani?"

Nikatazama mshale. Ulikuwa 108. Sikumbuki nilipouvuka 80. Kilomita zisizofika mia bila tochi, nyuma kuna watu wanaonihimiza, na uangalifu wa miaka kumi na moja ulikuwa umeyeyuka wote. Nimeliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu mengi niliyoyaona baada ya hapo nimeyaona nikijua kwamba nami nimo.

Kivuko cha Likoni hakikutuchelewesha. Mtwapa ilituchelewesha. Pale nilijifunza neno: kile ambacho sisi tunakiita kutanua, kuingia pembeni ya barabara na kuwapita waliopanga foleni, wao wanakiita kuovalapu. Matatu zilikuwa zinaovalapu kushoto na kulia, na katikati tulibaki sisi tuliosubiri.

Baada ya daraja la Kilifi njia ilitulia. Ukishapita Matsangoni, msitu wa Arabuko-Sokoke unakaa kushoto kwako, kijani kizito hadi ukingoni mwa lami, na barabara inanyooka. Hapo ndipo palipotokea la kutokea. Mbele yetu lilikuwa linakuja lori, na nyuma ya lori ikachomoza matatu, ikaingia upande wangu na kuniwashia taa kubwa mara mbili. Kwetu mtu akikuwashia taa anakutahadharisha: kuna tochi mbele, punguza. Kwa hiyo nikapunguza, lakini sikutoka njiani. Ilinichukua muda, nadhani ni sekunde moja, kuelewa kwamba taa zile zilikuwa zinasema jambo jingine: nimeshaingia, nipishe. Nikavuta usukani kushoto. Matairi yakaingia kwenye changarawe, vitenge vikamwagika miguuni mwa Mama, na matatu ikapita karibu kiasi kwamba niliyasoma maneno yaliyoandikwa ubavuni mwake. Kisha kimya, vumbi na harufu ya majani.

Mama alikuwa anaviokota vitenge kimoja kimoja na kuvikunja upya, kila kimoja kwa mikunjo yake ya zamani. Hakusema neno mpaka Gede.

Ijumaa, Malindi

Mjomba anaswali kwa kukaa kwenye kiti. Baada ya swala ya Ijumaa nilimrudisha nyumbani kwa miguu, nusu kilomita ikatuchukua zaidi ya robo saa, na muda mwingi nilikuwa natazama kiatu chake. Ndara ya kushoto imelika ubavu mmoja tu, wa ndani, imekuwa kama kabari. Ndivyo mguu ule unavyotua tangu mwaka 2009. Siku hiyo alikuwa anakokota baiskeli yenye madafu pembezoni mwa barabara kuu, karibu na Gede, matatu ikatoka nyuma ya nyingine kuipita. Dereva hakusimama. Waliomwokota ni watu waliokuwa wakingoja gari la Watamu.

"Si kwamba sheria ilikuwa haipo," aliniambia tukiwa tumekaa barazani, mkazamjomba akitumiminia kahawa. "Wakati wa Michuki uliona mambo."

Watu wa rika lake wanautaja wakati wa Michuki kama wanavyoitaja mvua kubwa. John Michuki alikuwa waziri wa uchukuzi, na kanuni zake zilianza kutekelezwa mwezi wa pili mwaka 2004: kila matatu iwe na spidi gavana isiyoruhusu kupita 80, kila kiti kiwe na mkanda, abiria wasisimame, mstari wa njano ubavuni. Magari yasiyotimiza yalisimamishwa, watu wakaenda kazini kwa miguu, lakini yaliporudi barabarani yalikuwa magari mengine. Mjomba anasema kwa miezi kadhaa ulikuwa unaweza kusinzia ndani ya matatu. Baadaye mafundi wakajua waya gani wa kukata.

Jioni nilichukua tuktuk, bajaji kwetu, kwenda sokoni kununua maua ya asumini. Dereva ni kijana, na aliendesha taratibu kiasi kwamba nilimshukuru. Akasema amezoeshwa na Wataliano. Malindi wapo wengi, na wenyeji wengi wanakijua Kitaliano cha kufanyia biashara. "Mtaliano akipanda, neno lake la kwanza ni *piano, piano*. Polepole. Nikimwendesha *piano* kesho ananipigia simu mimi, hamwiti mwingine." Kijana huyu anaingiza pesa kwa kwenda polepole. Nililala nikilifikiria neno lake.

Jumamosi, Malindi hadi Mombasa na kurudi

Mtoto wa kiume wa mjomba anaendesha matatu. Ndiyo, huyo huyo aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mbili baba yake alipogongwa. Nilimwomba nikae naye mbele, aende na kurudi. Alikubali kwa sharti nisimsemeshe ndani ya miji.

Binamu yangu ni dereva hodari, na ninalisema hilo kwa heshima. Macho yake hayatulii: kioo, barabara, pembeni, kioo. Anajua ni bodaboda gani itakatiza kabla yenyewe haijajua. Kabla ya kona yenye kibanda cha makuti alipunguza bila sababu niliyoiona, na kweli, nyuma ya kibanda alikuwepo mzee na mbuzi wawili. Anaendesha kwa 100, mara 110. Spidi gavana ipo, nimeiona kwa macho yangu, imefungwa na ina cheti. Haifanyi kazi, na sikumuuliza ni nani aliyeizima.

Ujuzi wake haubadilishi hesabu. Ukiwa kwenye 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiwa kwenye 100 linakula karibu 28, na sekunde hiyo ya kwanza ni ya kuona na kuhamisha mguu tu, breki bado haijaguswa. Na breki yenyewe haidai kwa usawa: mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Mzee mwenye mbuzi wawili hana nafasi ya kujua kama dereva ni hodari.

Njiani tulipokea taa mara tano kutoka kwa magari yaliyotukabili. Kila mara binamu alishuka hadi 80 kabla ya kunieleza, na kila mara, kilomita moja au mbili mbele, walikuwepo trafiki. Naye akawawashia wengine. Hapo nchi zetu mbili ni mtu na pacha wake. Nimewahi kuwashiwa taa kwa ajili ya tochi mara zisizo na idadi. Kwa ajili ya ng'ombe, mara nyingi. Kwa ajili ya watoto wa shule wanaovuka, hata siku moja, si Tanga, si huku.

Faini za Kenya binamu anazijua kwa kichwa. Ukizidisha hadi kilomita 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000, ukipita hapo ni mahakamani. Ngazi hii naiona ya haki kuliko yetu, ambapo aliyezidisha kidogo na aliyezidisha sana wote wanaandikiwa 30,000 ile ile. Lakini anasema kinachomsukuma si faini wala kupenda mwendo. Mwenye gari anataka kiasi chake kila jioni, mafuta na malipo ya makanga, yaani konda, yanatoka mfukoni mwa dereva, kinachobaki ndicho mshahara. Kwetu tunaiita hesabu ya tajiri, na daladala zinakimbizana kwa ajili yake vile vile. Mabasi yetu ya mikoani yana kifaa kinachotuma mwendo wa basi kwa wasimamizi na kumpigia dereva kelele akipita 80. Daladala ya mjini haina wa kuipigia kelele.

Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120. Nilipiga hesabu kwenye simu tukiwa Kilifi. Kama barabara ingekuwa tupu mwanzo hadi mwisho, kwa 80 ni dakika 90, kwa 100 ni dakika 72. Dakika 18. Hicho ndicho kinachonunuliwa.

Tulipoingia stegi ya Mombasa kulikuwa na matatu nne za Malindi kwenye foleni ya kupakia. Tukawa wa tano. Binamu akazima injini, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Tulikaa pale dakika hamsini na tano.

"Zile dakika kumi na nane zimeenda wapi?" nilimuuliza.

Hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye kioo cha pembeni. Matatu nyingine ya Malindi ilikuwa inaingia langoni, ile tuliyoipita Mtwapa. "Yule ni wa sita, dada. Akiondoka yeye, huenda nimeshamaliza nusu ya njia. Nisingempita pale, wa sita ningekuwa mimi."

Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Abiria wake kumi na wanne walikuwa wameshashuka na kutawanyika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefaidika. Mwendo wote ule ulikuwa wa kununua nafasi moja kwenye foleni, na ingetosha foleni kupangwa kwa saa, kila gari na saa yake ya kuondoka, ili mbio zisiwe na tija. Mambo haya yanaweza kupangwa na watu waliokaa mezani. Nimelisema hili kwa kila aliyenisikiliza pale nyumbani, na ninalisema tena hapa.

Jumapili, Malindi

Arusi. Biriani, vigelegele, bibi arusi amependeza kupita kiasi. Mjomba alisimama kwa mguu wake mbaya muda wote wa ndoa na hakukubali kiti.

Jumatatu, Malindi hadi Lamu

Mama hajawahi kuiona Lamu, na alisema hatakufa hajaiona. Binamu alichukua siku tatu za mapumziko akatusindikiza. Nilimwachia usukani wa gari langu.

Tulivuka daraja la Sabaki, maji mekundu ya udongo yakielekea baharini, kisha Mambrui, kisha Gongoni na chumvi yake. Baada ya hapo nchi inafunguka, barabara inanyooka mpaka macho yanachoka. Kwenye vizuizi vya polisi tulishuka na vitambulisho, tukajibu tunakotoka, tukarudi. Tukapita Minjila, tukavuka Mto Tana, na kwenye nyika ile ng'ombe wa Waorma wanatembea na barabara kama wao ndio walioijenga.

Ng'ombe wa kwanza tuliwaona kwa mbali sana. Binamu alishuka kutoka 100 hadi 80, hadi 40, hadi mwendo wa mtu. Magari yote yalifanya hivyo, hata Noah iliyokuwa imetupita kama risasi. Mchungaji, kijana mwenye fimbo mabegani, hakugeuka hata kutazama.

Nilimwambia binamu, "Mbona kwa ng'ombe mnasimama wote?"

"Ng'ombe anaingia na kioo mpaka kifuani," akajibu. Halafu, baada ya kimya cha labda kilomita nzima: "Na mwenyewe yupo pale na fimbo."

Tulipita Witu na Hindi, tukafika Mokowe alasiri. Gari tukaliacha bara, tukapanda boti.

Jumanne, Lamu

Niliamka kabla ya alfajiri nikijua kuna kitu kimepungua lakini sijui ni nini. Ni mlio wa injini. Mji wa kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Mizigo yote inakwenda na punda, na punda hana haraka anayoweza kulazimishwa.

Mama alitembea katikati ya njia. Nilikaa nikamtazama. Tanga anatembea akigusa ukuta, Malindi alikuwa amenishika mkono, na hapa alikwenda katikati, mikono nyuma, akisoma nakshi za milango kushoto na kulia. Punda alikuja nyuma yake, mvulana akasema "Shikamoo bibi, nipishe," naye akaitikia marahaba, akasogea, akarudi katikati. Ana miaka sabini na moja, na sijui ni lini mara ya mwisho alitembea hivyo.

Bodaboda zimefika kisiwani. Niliziona ukingoni mwa mji, na mzee mmoja kwenye baraza ya pwani alituambia kwa uchungu kwamba wajukuu zake wameanza kukatazwa kucheza nje. Hakusema zimeua mtu. Alisema watoto wameanza kukatazwa kucheza nje, akalirudia mara mbili.

Jumatano, Lamu hadi Malindi

Boti ya asubuhi hadi Mokowe, kisha gari. Kwenye baadhi ya vizuizi walitukumbuka. Binamu alikuwa kwenye usukani tena, mwendo 90, mara 100, hatukuzungumza sana. Mama alikaa nyuma, amejifunga mkanda, ana kikapu cha mkeka alichonunua Lamu.

Saa kumi tulikaribia Mambrui na shule zilikuwa zinatoka. Sare zilijaa pande zote za lami, wadogo wameshikana mikono, mmoja anapiga chupa tupu mateke kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hapakuwa na trafiki, wala kibao nilichokiona. Mama akasema tu, "Mwanangu."

"Nimewaona, shangazi."

Alishuka hadi 30. Tukapita katikati yao na vioo vikiwa chini, wengine wakatupungia. Tulipowaacha mita kama mia tatu nyuma, mbele yetu likatokea lori tupu, linakuja kwa mwendo wa gari lisilo na mzigo. Nilidhani binamu ataongeza mafuta. Aliwasha taa, mara mbili, kisha mara ya tatu.

Dereva wa lori alipunguza. Tulipopishana nilimwona vizuri, amejiinamia kwenye usukani, macho yanapekua vichaka vya kulia na kushoto kumtafuta trafiki. Niligeuka nikamfuata kwa kioo cha nyuma. Alikuwa bado anamtafuta alipowafikia watoto, na taa zake za breki zilikuwa zinawaka.